Kutoka Konzi ya Dola hadi Konzi ya Kichwani: Wepesi wa Kichekesho katika Filamu za Kauboi za Kiitaliano, 1964–1973

Ikisiri

Filamu za kauboi zilizotengenezwa nchini Italia baada ya mwaka 1964 zilijengwa juu ya kifo, fedha na kisasi. Mnamo Desemba 1970 ilitoka filamu ya Enzo Barboni, Lo chiamavano Trinità..., iliyougeuza utanzu huo kuwa kichekesho na kupendwa na hadhira kubwa ndani na nje ya Italia. Wapo wahakiki walioichukulia kuwa mwanzo wa kuoza kwa utanzu. Makala haya yanaupinga mtazamo huo kwa kuonyesha kuwa wepesi wa filamu hiyo ulitokana na jadi kongwe ya futuhi ya Kiitaliano, yaani jadi ya mtumishi mjanja mwenye njaa, na kwamba jadi hiyo ilikuwamo ndani ya utanzu tangu siku ya kwanza, ila ilikuwa imefunikwa. Aidha, makala yanaangalia gharama ya kicheko hicho.

1. Utangulizi

Kiitaliano kina neno pugno, ambalo maana zake mbili zinakaribiana mno na zile za neno konzi katika Kiswahili. Konzi ni kiasi cha kitu kinachofumbatwa mkononi, kiwe nafaka au sarafu. Konzi pia ni pigo la vifundo vya vidole, hasa la kichwani. Pugno vilevile ni kiasi kinachofumbatwa, na papo hapo ni ngumi. Sergio Leone alipoiita filamu yake ya mwaka 1964 Per un pugno di dollari, alikusudia maana ya kwanza: konzi ya dola. Mwaka uliofuata wachekeshaji wawili wa Sicilia, Franco Franchi na Ciccio Ingrassia, walitokea katika filamu ya mwigo wa dhihaka iliyoitwa Per un pugno nell'occhio, yaani ngumi ya jichoni. Mzaha wenyewe ni mdogo, wa aina inayotungwa mezani na kusahauliwa kesho yake. Hata hivyo, umebeba historia nzima ya utanzu huu kwa miaka iliyofuata. Utanzu ulioanza kwa mkono uliofumbata fedha uliishia kwa mkono uliofumbwa ili kupiga konzi.

Filamu iliyokamilisha safari hiyo ni Lo chiamavano Trinità... (Walimwita Utatu), iliyoongozwa na Enzo Barboni kwa jina la kubuni la E. B. Clucher, ikatayarishwa na Italo Zingarelli na kuonyeshwa kwa mara ya kwanza mwishoni mwa mwaka 1970. Waigizaji wake wakuu walikuwa Terence Hill na Bud Spencer. Mwaka 1971 ulifuata mwendelezo wake, ...continuavano a chiamarlo Trinità, ambao ulikuwa miongoni mwa filamu za Kiitaliano zilizouza tiketi nyingi kuliko zote katika zama zake. Baada ya hapo masoko yalifurika miigo, na katika muda wa miaka michache utanzu wenyewe ukafifia.

Mfuatano huo wa matukio umewafanya baadhi ya wahakiki wadai kuwa kicheko kiliua utanzu. Mambo mawili yanatiliwa shaka hapa. La kwanza ni dhana kwamba kinachokuja mwisho ndicho kinachoua. La pili, lenye uzito zaidi kwa wanafasihi, ni dhana kwamba kichekesho ni tanzia iliyochoka. Msimamo wa makala haya ni kwamba Barboni aliurudishia utanzu kitu ambacho Leone alikichukua nusu na kukiacha nusu.

2. Kifo kama kanuni

Mwanzo wa utanzu huu unajulikana vyema na hauhitaji kukaliwa sana. Leone alikichukua kisa cha Yojimbo (1961) ya Akira Kurosawa, kuhusu mpiganaji anayeingia katika mji uliogawanyika na kuwauzia wababe wa pande mbili huduma zake, akakihamishia kwenye mpaka wa Marekani na Mexico, na kupiga picha nyingi za nje huko Hispania. Jina lake halikuandikwa. Aliandikwa Bob Robertson. Mtunzi wa muziki, Ennio Morricone, akawa Dan Savio. Gian Maria Volonté akawa John Wells. Mtazamaji wa Italia alitakiwa aamini kwamba anaangalia filamu ya Kimarekani.

Katika miaka iliyofuata mamia ya filamu yalitengenezwa kwa kanuni hiyo, na kwa kila moja bei ya uhai ilishuka. Katika Django (1966) ya Sergio Corbucci, shujaa anaburuta jeneza matopeni, na ndani ya jeneza kuna bunduki ya rashasha. Kabla ya filamu kwisha anapondwa mikono yote miwili. Katika Il grande silenzio (1968), ya Corbucci pia, shujaa anauawa thelujini na waovu wanaondoka wazima. Watazamaji wa sinema wa Afrika Mashariki, ambao humwita mhusika mkuu wa filamu steringi na kushikilia kwamba steringi hafi, wangeiona filamu hiyo ya mwisho kuwa imevunja mkataba. Na kweli iliuvunja kwa makusudi.

Mpiga picha wa Django alikuwa Enzo Barboni. Jambo hili linafaa kusisitizwa kwa sababu mara nyingi Trinità huelezwa kana kwamba ilitengenezwa na mtu wa nje aliyekuja kuucheka utanzu asioujua. Barboni alikuwa ameyaangalia matope, damu na jeneza lile kupitia lenzi ya kamera yake mwenyewe. Alijua ni umbali gani utanzu ungeweza kwenda katika uelekeo huo, na huenda alijua pia kwamba ulikuwa umekwisha kufika.

Wala haikuwa mara ya kwanza Hill na Spencer kushirikiana. Giuseppe Colizzi alikuwa amewaunganisha katika filamu tatu: Dio perdona... io no! (1967), I quattro dell'Ave Maria (1968) na La collina degli stivali (1969). Ya kwanza ni kavu na ya kikatili kama nyingine za wakati wake. Katika ya pili kuna nafasi za kucheka. Umbo la wawili hao, mmoja mwembamba mwenye macho ya samawati na mwingine mnene mwenye ndevu na hasira za karibu, lilikuwa tayari limeanza kuchekesha lenyewe kabla hakijaandikwa kichekesho chochote.

3. Kikaango cha maharage

Trinità inaanza na mtu aliyelala. Farasi anatembea jangwani bila kuongozwa na mtu yeyote, akiburuta machela ya miti iliyofungwa nyuma yake, na juu ya machela hiyo amelala kijana mchafu, kofia usoni, mguu mmoja ukining'inia. Hilo ni jibu la moja kwa moja kwa mwanzo wa Django, ambako mtu anatembea kwa miguu akiburuta jeneza. Huku mtu anaburuta mauti; kule mtu anaburutwa usingizini. Mpangilio wa picha ni uleule, na aliyezipiga zote mbili, au aliyesimamia upigaji wake, ni mtu yuleyule.

Kisha kijana anaingia katika nyumba ya chakula iliyo njiani, anaketi na kula maharage. Hali kwa sahani, bali kwa kikaango kizima kilicholetwa mezani, kwa kijiko na mkate, bila kusema neno, bila kuinua uso, huku mwenye nyumba na wawindaji wawili wa watu wanaotafutwa kwa zawadi ya fedha wakimkodolea macho. Tukio hilo halisogezi kisa mbele hata hatua moja. Linadumu kwa muda ambao katika filamu ya Leone ungetosha kwa watu watatu kutazamana kabla ya kupigana risasi. Na hapo ndipo siri yake ilipo: Barboni ameutumia ule ule ucheleweshaji wa Leone, zile picha za karibu za uso na ule ukimya mrefu, lakini ameweka maharage mahali pa bastola. Kikaango kinapokwisha na kufutwa kwa mkate mpaka kung'aa, mtazamaji anacheka kwa nafuu ileile ambayo katika filamu nyingine ingekuja baada ya mlio wa risasi.

Kijana anaondoka na Mmexico aliyejeruhiwa ambaye wawindaji wale walikuwa wamemshika. Wanajaribu kumpiga risasi mgongoni akiwa mlangoni. Yeye anafyatua bastola kwa mkono uliopitishwa nyuma, bila kugeuka kuangalia, na wote wawili wanaanguka. Wamekufa. Itarejewa baadaye kwa nini vifo hivi viwili ni muhimu.

Njaa hii inatoka wapi? Ili kuijibu inabidi kurudi kwa Leone. Kurosawa alipolalamika kuhusu kuchukuliwa kwa kisa chake, Leone alijitetea kwa kudai kwamba asili ya kisa ni ya Kiitaliano: Il servitore di due padroni (Mtumishi wa Mabwana Wawili), tamthiliya ya Carlo Goldoni ya karne ya 18. Utetezi huo ulikuwa wa kisheria zaidi kuliko wa kifasihi, lakini haukuwa mtupu. Christopher Frayling, katika kitabu chake cha mwaka 1981 kilichouanzisha uhakiki wa dhati wa utanzu huu, alilichukua jina hilo la Goldoni na kulitumia kutaja muundo wa msingi wa filamu za miaka ya mwanzo: mtu mmoja anayezitumikia pande mbili zinazohasimiana na kuzila zote.

Kinachosahaulika ni sababu inayomfanya mtumishi wa Goldoni awe na mabwana wawili. Anataka kula mara mbili. Truffaldino, ambaye katika uonyeshaji mashuhuri wa Giorgio Strehler ulioanza Milan mwaka 1947 anaitwa Arlecchino, ni kizazi cha zanni, yule mtumishi maskini wa commedia dell'arte, jadi ya michezo ya vinyago iliyochipuka Italia katika karne ya 16. Zanni ni mjanja kwa sababu ana njaa. Mbio, uongo na mapigo anayopata yote ni bei ya sahani ya chakula. Kilele cha tamthiliya ya Goldoni ni karamu ambayo Truffaldino anawaandalia mabwana wawili katika vyumba viwili kwa wakati mmoja, huku akidokoa kila sahani inayopita mkononi mwake. Leone aliuchukua muundo wa utumishi wa pande mbili na kuiacha njaa nje. Shujaa wake havutwi na tumbo. Anavutwa na dola, na dola haziliki. Barboni, pengine bila kufikiria habari za Goldoni hata kidogo, aliirudisha njaa mahali pake.

Neno "pengine" limetumika hapo kwa makusudi. Hakuna haja ya kudhani kwamba Barboni alikuwa mwanafunzi wa tamthiliya. Jadi ya zanni haikuwa maktabani. Ilikuwa katika kila mchezo wa kuchekesha ambao Mwitaliano wa kizazi chake aliukua nao. Katika filamu Miseria e nobiltà (1954), iliyotokana na tamthiliya ya Eduardo Scarpetta wa Napoli, Totò na jamaa zake wenye njaa wanaivamia sufuria ya spageti kwa mikono, na yeye anazijaza mifukoni. Dario Fo alianza kuonyesha Mistero buffo mwaka 1969, mwaka mmoja tu kabla ya Trinità, na miongoni mwa vipande mashuhuri vya kazi hiyo ni kile cha Zanni aliyezidiwa na njaa hata akaota anajila mwenyewe. Fo alifika kwa zanni kwa njia ya siasa za mrengo wa kushoto, Barboni kwa njia ya soko, na kila mmoja alimkuta palepale. Watazamaji wengi wa wakati huo walikuwa bado wanaikumbuka njaa ya vita na ya miaka iliyofuata, kabla ya ustawi wa ghafla wa kiuchumi wa mwishoni mwa miaka ya 1950. Mtu aliyeshiba juzi hucheka kwa namna ya pekee anapomwona mtu anayekula hivyo.

Hata majina ya utanzu yanasema habari ya chakula. Wageni waliuita wa spageti, kwa dharau. Wajapani wakauita wa makaroni. Waitaliano wenyewe waliziita tu filamu za magharibi za mtindo wa Kiitaliano, mpaka zilipokuja filamu za Barboni na waliomwiga, ambazo walizipachika jina la fagioli western: filamu za kauboi za maharage. Spageti lilikuwa tusi la kutupiwa na wengine. Maharage lilikuwa jina la nyumbani, la upendo kwa chakula cha maskini.

Mikhail Bakhtin, katika uchunguzi wake wa Rabelais uliochapishwa mwaka 1965, aliueleza mwili wa kicheko cha umma kuwa mwili unaokula, unaomeza dunia badala ya kumezwa nayo. Dhana hiyo inafafanua vyema tofauti kati ya shujaa wa Leone na Trinità. Wa kwanza amefungwa: mdomo umefumba sigara, uso haubadiliki, mwili umefunikwa kwa vazi lisiloonyesha mikono. Wa pili yuko wazi: nguo zimetoboka, vumbi linamtoka akipigwapigwa, mdomo umejaa. Msomaji wa Kiswahili anaweza kumkumbuka Abunuwasi wa hadithi za pwani, ambaye pia hushinda kwa uvivu wenye akili kuliko kwa nguvu. Mfanano huo usivutwe mbali sana, kwa kuwa Abunuwasi ana ulimi na Trinità ana mkono. Lakini wote wawili ni watu ambao dunia haiwezi kuwafanya wawe na haraka.

4. Safari ya kutoka risasi hadi kofi

Kisa chenyewe kinaweza kuelezwa kwa ufupi. Trinità anamkuta kaka yake, Bambino, akijifanya sherifu wa mji mdogo. Bambino, ambaye jina lake ni "mtoto" ilhali ndiye mtu mkubwa kuliko wote machoni pa mtazamaji, amemjeruhi sherifu halisi na kuivaa nyota yake, huku akiwasubiri wenzake waje waibe farasi wa Meja Harriman. Harriman, aliyeigizwa na Mmarekani Farley Granger, analitaka bonde linalokaliwa na wakulima wa Kimormoni ili walishie farasi wake. Wakulima hao hawapigani kwa sababu za imani. Trinità anavutiwa na mabinti wawili wa jamii hiyo, anamkokota kaka yake katika kuwatetea, anawafundisha wakulima kupigana kwa mikono, na yote yanaishia katika vurumai kubwa ya ngumi.

Sehemu ya katikati ina uzembe wa usimulizi; kuna mapigano yanayoonekana kuwekwa kwa sababu tu muda ulikuwa umepita bila mapigano. Hata hivyo, kuna jambo moja ambalo filamu inalifanya kwa uangalifu kuliko inavyosifiwa. Inaanza ndani ya sheria za utanzu wa zamani. Wawindaji wawili wa mwanzoni wanauawa. Bambino, anapoonekana kwa mara ya kwanza, anawaua watu watatu barabarani kwa kasi isiyoaminika. Lakini kadiri filamu inavyoendelea bastola zinatumika zaidi kwa mzaha, na mwishoni silaha zinawekwa kando kabisa, wabaya na wema wakapigana kama watoto wa shule uwanjani, na wabaya wakaondoka na manundu. Filamu haikuikuta dunia isiyo na kifo. Imeisafiri njia hiyo mbele ya macho ya mtazamaji, kwa muda wa chini kidogo ya saa mbili. Katika mwendelezo wa mwaka 1971 safari imekwisha: Trinità anakaa kwenye meza ya karata na mcheza kamari mwenye sifa ya kuua, na kila mara huyo anapouendea mkono wake bastola anapigwa kofi kabla hajaifikia. Steringi hafi, na sasa hata adui hafi.

Henri Bergson (1900) alidai kwamba kicheko kinahitaji moyo uliotiwa ganzi kwa muda. Kwa filamu hii dai hilo linahitaji kugeuzwa. Mioyo iliyotiwa ganzi ilikuwa ya watazamaji wa filamu zilizotangulia, waliokuwa wamezoea kuona watu wakidondoka kutoka mapaani bila kujali waliokuwa akina nani. Kofi linauma. Mtazamaji anajua kofi linavyouma, kwa kuwa amewahi kupigwa. Hajawahi kupigwa risasi. Kwa kulifanya kila pigo kuwa dogo, Barboni alilifanya lihisiwe tena.

Wakati nao ulikuwa na sauti yake. Tarehe 12 Desemba 1969 bomu lililipuka katika benki ya Piazza Fontana huko Milan na kuua watu 17. Lilifuatia majira ya migomo mikubwa ya viwandani, na likafungua miaka mingi ya mauaji ya kisiasa. Filamu ya watu wanaopigana na wote wakaamka ilifika sinema mwaka mmoja baadaye. Haifai kudai kwamba bomu lilizaa kichekesho; historia ya filamu imejaa madai ya aina hiyo ambayo hayana ushahidi. Linaloweza kusemwa ni kwamba mtazamaji aliyelipa tiketi Desemba 1970 hakuwa na uhaba wa vifo.

Na mtazamaji huyo alikuwa nani? Christopher Wagstaff (1992) ameonyesha jinsi filamu hizi zilivyotegemea sinema za daraja la pili na la tatu, za vitongojini na mikoani, ambako watu walikwenda karibu kila jioni, wakaingia katikati ya filamu, wakazungumza, na kunyamaza pale tu jambo kali lilipotokea. Filamu ya vifo inaihudumia hadhira hiyo kwa milipuko. Filamu ya makofi inaihudumia vilevile, lakini inaongeza kitu: baba anaweza kuja na watoto. Django ilikuwa imepigwa marufuku kwa walio chini ya miaka 18. Trinità ilitazamwa na nyumba nzima.

5. Gharama

Wepesi huu haukuwa wa bure. Mwaka 1966 Damiano Damiani alikuwa ametengeneza Quién sabe?, kuhusu mapinduzi ya Mexico, na baada yake kukatokea filamu kadhaa zilizotumia mpaka uleule wa kubuni kuwazungumzia wakulima wasio na ardhi, mamluki na ubeberu. Austin Fisher (2011) amezichambua kwa kina. Katika filamu hizo Mmexico ndiye anayepata fahamu. Katika Trinità, Mmexico ni Mezcal, jambazi mwenye makelele anayeshawishiwa kwa farasi na kuchapwa makofi kwa zamu, tena na tena, kwa ajili ya kuchekesha. Mabinti wawili wa Kimormoni, Sarah na Judith, hawana tofauti yoyote kati yao ila rangi ya nywele; ni zawadi inayoning'inizwa mbele ya shujaa mpaka anapogundua kwamba zawadi hiyo inaambatana na kazi ya jembe kila siku, akatoroka.

Hoja ngumu zaidi ni ile ya Wamormoni wenyewe. Ardhi inayotaka kunyang'anywa ni yao, na kuikataa silaha ni msimamo wao wa dhamiri. Filamu inauchukulia msimamo huo kuwa ujinga wa kupendeza unaotibika kwa masomo machache ya kurusha ngumi. Kicheko kinachofuata ni cha kweli, lakini kinachochekwa ni watu wanaoacha wanachokiamini. Filamu iliyoondoa kifo katika vurugu imefanya vurugu ionekane haina gharama, na swali ambalo wakulima wale walikuwa wameliuliza kwa ukimya wao, yaani ikiwa inawezekana kuishi bila kumpiga jirani, linapotea katikati ya meza zinazovunjika. Hapa wahakiki wa mrengo wa kushoto wa miaka ile walikuwa na sababu ya kunung'unika, hata kama walinung'unikia jambo lisilo lenyewe.

6. Vinyago na sauti

Terence Hill ni Mario Girotti, aliyezaliwa Venice mwaka 1939 na mama Mjerumani, akaanza kuigiza utotoni na kupata nafasi ndogo katika Il Gattopardo (1963) ya Luchino Visconti. Bud Spencer ni Carlo Pedersoli wa Napoli, aliyezaliwa mwaka 1929, Mwitaliano wa kwanza kuogelea mita 100 kwa mtindo huru chini ya dakika moja, na mshiriki wa michezo ya Olimpiki ya Helsinki 1952 na Melbourne 1956. Jina lake la kisanii aliliunganisha kutoka bia ya Budweiser na mwigizaji Spencer Tracy. Majina ya kubuni, ambayo kwa Leone yalikuwa ulaghai wa kibiashara, kwa hawa yalikuwa vinyago. Mtazamaji alijua fika kuwa yule jitu ni Mnapoli, kama alivyojua watazamaji wa zamani kuwa nyuma ya kinyago cha Pulcinella kuna jirani.

Sauti pia zilikuwa za kuazima. Kwa desturi ya Italia ya wakati huo, sauti ziliingizwa studio baada ya picha kupigwa. Trinità alisemewa na Pino Locchi na Bambino na Glauco Onorato. Kwa hiyo hakuna nakala ya filamu inayoweza kuitwa ya sauti asilia. Kila lugha iliipata kwa kuisema upya. Nchini Ujerumani jambo hilo lilifika mbali. Baada ya Trinità kufaulu, filamu za Colizzi zilizokuwa kavu ziliingizwa sauti upya kama vichekesho: La collina degli stivali ilirudi katika sinema za Ujerumani ikiwa na jina la kuchekesha, Zwei hau'n auf den Putz, na mazungumzo ya mizaha ambayo hayakuwamo hapo awali. Picha za mauaji zilibaki, maneno yakazigeuza. Kwa mwanaisimu huu ni ushahidi adimu: picha zilezile, utanzu mwingine, na tofauti yote iko katika lugha. Wanaofuatilia kazi za wasimulizi wa filamu kwa Kiswahili, kama Lufufu wa Dar es Salaam na DJ Afro wa Kenya, wanalijua jambo hili kwa njia ya karibu zaidi, kwani msimulizi wa kibandani naye anaweza kumfanya muuaji awe kichekesho kwa kumpa jina la mtaani na sauti ya kukoroma.

Muziki ulifanya kazi hiyohiyo. Franco Micalizzi alitumia mluzi wa Alessandro Alessandroni, yuleyule aliyekuwa amepiga mluzi katika filamu za Leone. Kwa Morricone mluzi ule ulikuwa upweke wa jangwani. Kwa Micalizzi ni mluzi wa mtu asiye na deni la kuwahi popote. Quentin Tarantino aliuelewa vyema alipouweka wimbo huo mwishoni mwa Django Unchained (2012), baada ya damu yote kumwagika.

7. Leone anajibu

Il mio nome è Nessuno (Jina Langu ni Hakuna, 1973) iliongozwa na Tonino Valerii kutokana na wazo la Leone, ambaye mkono wake unaonekana katika filamu yote. Jibu lake kwa Trinità liko katika kuwapanga waigizaji. Upande mmoja yupo Henry Fonda, uso wa filamu za kale za John Ford, akiwa Jack Beauregard, mpiga bastola mzee anayetaka kupanda meli aende Ulaya akapumzike. Upande mwingine yupo Terence Hill, akiwa na macho yaleyale, uvivu uleule na makofi yaleyale, lakini safari hii hana hata jina. Nessuno anamwabudu mzee na kumshinikiza akabiliane peke yake na kundi la wapanda farasi 150 ili aingie katika vitabu vya historia. Katika makaburi wanayopita, jina mojawapo juu ya msalaba ni Sam Peckinpah.

Mara nyingi filamu hii husomwa kama maombolezo ya Leone kwa utanzu ulioharibiwa na wachekeshaji. Usomaji huo unaweza kutetewa mpaka dakika za mwisho. Filamu inaanza katika kinyozi: Beauregard ameketi kunyolewa, kinyozi ni muuaji aliyejigeuza, na mzee ameielekeza bastola yake kati ya miguu ya kinyozi muda wote wa kunyolewa, hivyo wembe unapita shingoni bila madhara. Inaishia katika kinyozi pia. Sasa kwenye kiti ameketi Nessuno, na nyuma yake amesimama muuaji mwingine mwenye wembe. Naye anajikinga kwa namna ileile aliyojikinga mzee, isipokuwa kinachomgusa kinyozi si bastola. Ni kidole.